SOMO: KUONDOA FREMU ZA MADIRISHA ZILIZOCHOMELEWA KWENYE MILANGO YA LAND ROVER YA ZAMANI

Na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika



Makatibu wa vyama kadhaa wameniuliza, kwa nyakati mbalimbali, swali lililo moja: Land Rover ya chama ina fremu za madirisha zilizochomelewa kwenye milango, fremu zimeoza, vioo haviendi, fundi anasema kwamba fremu hazitoki na anashauri milango mizima inunuliwe. Je, kamati ikubali?

Jibu langu ni kwamba kamati isikubali kabla mlango haujavuliwa, ukalazwa juu ya meza na kutazamwa. Fremu iliyochomelewa hutoka. Lakini ikiondolewa na mtu mwenye haraka, chama kitapoteza mlango, na kwa namna gari hili lilivyoundwa chaweza kupoteza gari zima na mtu aliyekuwa akilitengeneza. Kwa hiyo nimeona yafaa jambo hili lielezwe kwa urefu. Katibu si lazima awe fundi, lakini hapana budi ajue kazi inavyopaswa kwenda, kwa sababu yeye ndiye atakayesimama pale na ndiye atakayetia sahihi hati ya malipo.

JINSI MLANGO ULIVYOUNDWA

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Zile tuziitazo za Series ziliendelea kutengenezwa mpaka 1985: Series I hadi 1958, Series II hadi 1961, Series IIA hadi 1971, na Series III hadi mwisho. Nyingine ziliunganishwa hapa hapa Afrika Mashariki, katika kiwanda cha Leyland Kenya mjini Thika, kilichoanzishwa mwaka 1974. Ninazozikuta zaidi katika maghala ya vyama ni IIA na III.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, chuma kilikuwa adimu Uingereza na kiligawiwa kwa kibali. Ndiyo sababu mwili wa gari hili ukafanywa kwa mabati ya aloi ya alumini, nayo chasisi na viunzi vya milango vikabaki kuwa vya chuma. Jambo hili tulikumbuke, kwa maana matatizo karibu yote ya mlango yanatokana nalo.

Mlango wa Series una vipande viwili. Kipande cha chini ni kiunzi cha chuma kilichovikwa ngozi ya alumini. Kipande cha juu ni fremu ya dirisha, nayo ni ya chuma, yenye vioo vinavyoteleza ndani ya mfereji. Vipande hivi viwili hukutana kiunoni mwa mlango na kufungwa mahali pawili, upande wa bawaba na upande wa kitasa. Waliolibuni gari hili walikusudia fremu itoke. Gari lile lilivuliwa turubai, kioo cha mbele kikalazwa juu ya boneti, fremu za milango zikawekwa kando, likabaki wazi kama mkokoteni. Kwa hiyo anayesema kwamba fremu haitoki anazungumzia kazi ya mchomeleaji, hazungumzii kazi ya kiwanda.

Isichanganywe na milango ya baadaye. Kuanzia mwaka 1984 Land Rover za 90 na 110 zilianza kupewa milango ya kipande kimoja yenye vioo vya kupandishwa kwa mkono, na huko fremu ni sehemu ya mlango wenyewe. Hali kadhalika Toyota Land Cruiser za FJ40. Kukata fremu ya mlango wa namna hiyo ni kuubomoa mlango, na somo hili halikuhusu.

KWA NINI ZILICHOMELEWA

Ndani ya mfereji wa kioo mna utepe wa kitambaa kizito unaozuia kioo kisigonge. Utepe huo hunyonya maji ya mvua na vumbi, ukawa tope la kudumu. Chuma kilicho chini yake huoza kuanzia ndani, wakati rangi ya nje ingali nzuri. Boliti nazo hukamatwa na kutu. Siku moja kioo kinavunjika, fundi anajaribu kufungua boliti, boliti inakatika, naye anairudisha fremu kwa kuichomelea. Kazi ya dakika kumi, na fremu haigongi tena barabarani, dereva anafurahi. Hasara huja miaka mitano baadaye, kwani kilichokuwa kipande cha kubadilishwa sasa kimekuwa mwili mmoja na mlango.

Kuna na hili. Alumini na chuma vikigusana mahali penye unyevu, alumini ndiyo huliwa. Hugeuka unga mweupe chini ya rangi. Mahali penye chumvi, kama Tanga, Bagamoyo au Lamu, mambo hayo huenda upesi zaidi. Moto wa kuchomelea huunguza rangi iliyokuwa ikivitenga vitu hivi viwili, basi mara nyingi utaona ule unga umeanzia pale pale palipochomelewa.

AMUENI KWANZA KIPI KINAOKOLEWA

Hili ndilo swali ambalo mafundi wengi hawaulizwi, nalo ndilo linaloamua msumeno upite wapi. Katika kila mlango kuna pande mbili, fremu na mlango wa chini, na kwa kawaida upande mmoja umeshakufa. Ukikata bila kuamua, utaumiza pande zote mbili.

Chukueni sumaku ndogo, hata ile ya spika ya redio iliyoharibika. Ipitisheni juu ya mlango. Ngozi ya alumini haiishiki, chuma huishika. Mahali ambapo sumaku ilipaswa kushika nayo haishiki, au yashika kwa unyonge, pamejazwa lipu ya bodi na chuma chake kimekwisha. Kisha chukueni bisibisi na kugonga taratibu reli ya chini ya fremu, kutoka pembe moja mpaka nyingine. Mlio mkavu ni chuma kizima. Mlio mzito, au bisibisi kuzama, ni kutu.

Ikiwa fremu imeoza na mlango wa chini ni mzima, hali ambayo ndiyo ya kawaida, basi fremu ni ya kutupwa, na kila mkato upite upande wa fremu. Ikiwa mlango wa chini ndio uliooza na fremu ni nzuri, mkato upite upande wa mlango. Ikiwa vyote viwili ni vizima na mnataka tu kuvitenganisha, basi kazi inakuwa ya tupa na subira, na mashine ikae mbali. Ikiwa vyote viwili vimeoza, fundi wenu alisema kweli, nunueni mlango.

TANGI LIPO CHINI YA KITI

Naomba sehemu hii isomwe kwa sauti mbele ya fundi kabla hajachomeka waya wa mashine.

Katika Land Rover fupi ya inchi 88, na katika pikapu ya inchi 109, tangi la petroli lipo chini ya kiti cha mbele cha kulia. Huku kwetu hicho ni kiti cha dereva. Ile ya inchi 109 yenye milango ya abiria ina tangi nyuma. Maana yake ni kwamba mlango wa dereva, ule unaotumika kuliko yote na kuoza kuliko yote, upo hatua moja kutoka kwenye petroli, na mdomo wa tangi upo ubavuni nyuma yake tu. Cheche za mashine ya kukatia huruka mita kadhaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujikusanya katika vishimo vya sakafu na chini ya gari, mahali usipoonekana.

Wako wanaoona kwamba kulimwaga petroli tangi kunatosha. Hakutoshi. Tangi lililomwagwa limejaa mvuke uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo ndio ulipukao. Tangi lililojaa mpaka juu lina mvuke mchache kuliko tangi tupu.

Kwa hiyo kanuni ni moja: mlango uvuliwe garini, upelekwe mbali, angalau hatua kumi na tano, upande usio wa upepo uendao kwenye gari. Si kwenye ghala la pamba, si karibu na magunia ya korosho au katani. Pawepo na ndoo mbili za mchanga na mtungi wa kuzimia moto ambao kipimo chake kimesomwa siku hiyo. Kazi ikiisha, mtu mmoja akae pale kwa muda wa saa nzima, kwani cheche iliyoingia ndani ya utepe wa dirisha au kwenye gunia huweza kufuka bila moshi kuonekana.

Na iwapo bawaba zimekataa kufunguka na mlango hauvuliki? Hapo mashine isitumike kabisa. Ni msumeno wa chuma wa mkono na tupa tu, hata kama kazi itachukua siku mbili. Nimewahi kusikia fundi akisema kwamba atafunika kiti kwa gunia lililoloweshwa maji. Gunia lile hukauka, na lina matundu.

KAZI YENYEWE

Siku tatu kabla, tieni mafuta ya kulegeza kutu kwenye boliti za bawaba na kwenye zile sehemu mbili za kufungia fremu, asubuhi na jioni. Huenda mkakuta boliti za asili bado zimo chini ya mchomeleo, nazo ni lazima zifunguliwe. Mtu aliyekata mchomeleo wote huku boliti moja imebaki huishia kuukunja mlango.

Kabla ya kuvua mlango, fungeni vizuri na mchukue vipimo. Kata karatasi ngumu ya boksi iingie barabara katika uwazi wa dirisha, uandike juu yake “kulia” au “kushoto”, “mbele” na “nje”. Pimeni urefu kutoka kiunoni mwa mlango mpaka juu ya fremu, mbele na nyuma. Pimeni na ulalo wa mlango wa chini, pembe hadi pembe, mara mbili. Ulalo ukitofautiana kwa zaidi ya milimita chache, mlango umeshapinda, na ni vema jambo hilo lijulikane na kuandikwa kabla ya kazi. Baadaye hakutakuwa na ubishi juu ya nani aliyeupinda. Picha za simu pia zinafaa, lakini picha haina vipimo.

Wekeni sanduku chini ya mlango ubebe uzito wake, mfungue boliti za bawaba upande wa mlango na kuziacha bawaba kwenye gari. Washa na vipande vyembamba vilivyo chini ya bawaba vitunzwe katika kikopo kimoja kimoja chenye jina, kwani ndivyo vinavyoupa mlango nafasi yake. Laza mlango juu ya meza iliyotandikwa magunia makavu yasiyo na mafuta.

Vioo vitoke kabla ya kitu kingine chochote. Cheche ya mashine ni chembe ya chuma iliyo karibu kuyeyuka. Ikigusa kioo hujichimbia humo na haifutiki. Fungua skrubu za mfereji, na zisipofunguka ukate kichwa cha skrubu, usikilazimishe kioo. Kioo cha ubavuni ni cha kukazwa kwa moto, hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutengenezwa. Ukijaribu, hupasuka chote kuwa punje. Kwa sababu hiyo hiyo, fundi asiwekewe ruhusa ya kukata kioo cha dirisha la nyumba na kukipachika mahali pake. Kioo hicho huvunjika vipande virefu kama visu, usawa wa shingo ya dereva.

Sasa safisheni rangi kwa brashi ya waya na msasa, sentimita tano juu na chini ya kiungo, ndani na nje. Msikate kabla ya kuona. Chuma kikiwa cheupe mtatambua alama za namna tatu. Kuna madonge, ambayo ni mchomeleo wa nukta nukta wa fundi wa mtaani. Mara nyingi ni manne mpaka manane tu. Kuna mshono mrefu, wa fundi aliyependa kazi yake kupita kiasi. Na kuna vishimo vidogo vya mviringo, vyenye upana wa milimita tano au sita, vilivyopangika kwa mstari. Vishimo hivi ni vya kiwanda, ndivyo vinavyoshika viunzi vya mlango na vya fremu yenyewe, navyo havikatwi. Tieni chaki nyekundu kwenye madonge na mshono, chaki nyeupe kwenye vishimo. Nimeona mlango uliotobolewa vishimo vyote kwa bidii kubwa. Fremu haikutoka, na mlango ukabaki unacheza kama kapu.

Kwa madonge, msumeno wa mkono unatosha. Tumieni uwembe wenye meno 32 kwa inchi. Wa meno 18 hunasa katika chuma chembamba na kuvunjika. Mahali ambapo fremu ya msumeno haiingii, zungushieni uwembe kitambaa upande mmoja na kuukata donge kwa mkono. Ni kazi ya jasho, lakini haina joto, na katika mlango wa alumini joto ndilo adui.

Chuma hubadilika rangi kikipata moto: huwa chekundu, kisha cha machungwa, nacho huyeyuka karibu na nyuzi 1,500. Alumini huyeyuka karibu na nyuzi 660, tena hairushi rangi yoyote ya kuonya. Huonekana ile ile, halafu inaanguka kama uji. Kwa hiyo mtungi wa gesi usikaribie kiuno cha mlango. Yule anayependekeza kuukata mchomeleo kwa moto wa gesi hajui ngozi ya mlango ni ya nini, na hilo tu latosha kumtafuta mwingine.

Kwa mshono mrefu mashine ya kukatia, ambayo mafundi huiita grainda, yaweza kutumika kwa masharti. Diski iwe nyembamba, ya milimita moja. Mkato uwe mfupi, wa upana wa vidole viwili, kisha mashine ipumzike na mkono uwekwe juu ya ngozi ya alumini upande wa pili. Mkono usipoweza kukaa pale, subirini. Kitambaa chenye maji kiwekwe kando ya mkato wakati wote, mbali na waya za mashine. Msikate mpaka mwisho. Bakizeni milimita mbili au tatu za mchomeleo upande wa kinachookolewa, na hizo zimalizwe kwa tupa.

Juu ya diski nitatoka kidogo nje ya njia, kwa sababu jambo lenyewe huua. Kila diski imeandikwa mwendo wake wa juu kabisa. Ya milimita 115 kwa kawaida imeandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika, na ya milimita 230 imeandikwa mizunguko 6,650 hivi. Kwa mwendo huo ukingo wa diski hukimbia mita 80 kwa sekunde, yaani kilomita 288 kwa saa. Wako mafundi wanaong'oa kinga ya mashine ndogo ili diski kubwa ya 230 iingie. Mashine ndogo huzunguka mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski ile kubwa utakimbia zaidi ya mita 130 kwa sekunde, nayo haikufanywa kwa mwendo huo. Hupasuka, na vipande huelekea usoni. Fundi akija na mashine isiyo na kinga, katibu amrudishe nyumbani. Miwani ya jua si miwani ya kazi.

Mchomeleo wa mwisho ukikaribia kukatika, watu wawili washike fremu, mmoja kila upande. Inapaswa kunyanyuka kwa nguvu ya mikono. Isiponyanyuka, msilete mtaimbo. Maana yake kuna donge ambalo hamkuliona, mara nyingi kwa ndani chini ya ukingo, au boliti imebaki. Tochi na kioo kidogo cha kujitazamia vitalionyesha. Reli ya juu ya mlango ni bati lililokunjwa tu. Likikunjwa tena kwa mtaimbo, fremu mpya haitakaa juu yake kamwe.

MOSHI WA ZINKI

Fremu nyingine zimepakwa zinki ili zisioze. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini kabisa ya joto la kuchomelea, na moshi wake ni mweupe, huacha vumbi kama la chokaa. Anayeuvuta hurudi nyumbani mzima, kisha usiku hupatwa na homa, baridi na maumivu ya viungo, akadhani ni malaria. Kwa kawaida hupungua baada ya siku moja au mbili, lakini akikosa pumzi au kifua kikibana aende hospitali na aeleze kazi aliyoifanya. Mafundi wengi hunywa maziwa kabla ya kazi wakiamini yanazuia. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Linalosaidia ni kuisugua zinki itoke kabla ya joto kufika, kufanya kazi mahali wazi, na kukaa upande upepo unakotoka.

BAADA YA FREMU KUTOKA

Mabaki ya mchomeleo yasawazishwe kwa tupa bapa hadi rula ilale sawasawa juu ya reli. Tazameni nyufa kando ya mahali palipokuwa na mchomeleo. Chuma cha hapo huwa kigumu na chepesi kupasuka. Ufa mdogo huzuiwa kwa kutoboa kitundu mwishoni mwake kabla ya kuuziba, la sivyo utaendelea.

Matundu ya boliti yarudishwe. Boliti iliyokatikia ndani ipigwe alama katikati kwa ponchi, itobolewe kwa biti ndogo kwanza, kisha kubwa kidogo. Jihadharini na boliti zenyewe. Ya inchi 5/16 ina upana wa milimita 7.94, na ya milimita 8 ni karibu sawa nayo kwa macho, lakini hesi zao hazilingani. Nati itaingia mizunguko miwili na kukwama, na fundi asiye mwangalifu ataikaza kwa nguvu mpaka iharibu hesi. Kesho yake atasema dawa ni kuchomelea, nasi tutakuwa tumerudi tulikotoka. Nunueni boliti na nati kwa pamoja, muuzaji azifunge mbele yenu.

Vitundu vya kutolea maji chini ya mlango vizibuliwe. Chuma kipakwe rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na mahali chuma kinapokutana na alumini pawekwe rangi kavu pamoja na ukanda mwembamba wa mpira. Boliti zitiwe grisi kabla ya kufungwa. Fremu mpya isikazwe mpaka mlango umerudi garini, umefungwa, na ile karatasi ya boksi imeingia tena katika uwazi bila kukunjwa. Ndipo ikazwe, kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa zamu.

MAKUBALIANO NA FUNDI

Malipo yawe kwa mlango uliokamilika, si kwa siku, nayo yaandikwe. Katika maandishi hayo iwekwe wazi kwamba fremu, vioo na vipande vyote vilivyotolewa ni mali ya chama na vitakabidhiwa kwa katibu siku ile ile.

Nasema hivi kwa sababu katika chama kimoja nilikuta hati ya malipo ya “kutengeneza milango miwili ya mbele”. Milango iling'aa kwa rangi mpya. Nilipopitisha sumaku, ilinata kila mahali, kuanzia kiunoni mpaka chini. Ngozi ile haikuwa alumini. Ilikuwa bati la kawaida lililokunjwa mjini. Milango ya asili ilikuwa imeondoka pamoja na fremu zake, wala hapakuwa na mtu aliyeona ikiondoka. Milango mizima ya alumini ya magari haya ina wanunuzi, kwani wapo watu wengi, hapa na ng'ambo, wanaoyafufua magari ya Series na kutafuta vipande vya asili. Kamati ilimdai fundi, naye akauliza imeandikwa wapi kwamba vya zamani virudishwe. Hapakuwa na mahali palipoandikwa. Fedha za wanachama ziliishia hapo.

Kwa hiyo sumaku ipite mara mbili: siku ya kukabidhi gari kwa fundi, na siku ya kulipokea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA DARASA

1. Land Rover ya chama chenu ina tangi wapi? Nendeni mkatazame kabla ya kujibu.

2. Diski ya milimita 180 imeandikwa mizunguko 8,500 kwa dakika. Fundi anataka kuiweka kwenye mashine ya mizunguko 11,000. Katibu amwambie nini, na kwa nini?

3. Mlango mmoja una madonge sita na vishimo kumi na viwili vya mviringo. Ni vipi vikatwe?

4. Andikeni makubaliano mafupi ya kumpa fundi milango miwili, yasizidi mistari kumi.